Kirimu Alikuwa na Rafiki

Jumapili moja jioni, mvua ikiwa bado inadondoka kwenye mabati, kijana mmoja wa kundi letu alifika darajani. Daraja lenyewe lilikuwa kalamu mbili zilizolazwa juu ya meza ya darasa, na mto ulikuwa kipande cha kitenge cha buluu. Katika mchezo wetu kijana huyo ni mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Alikuwa amepakia magunia matatu ya maharage kutoka vilimani, anashuka nayo sokoni. Pale darajani anakaa muzee mmoja ambaye kazi yake ni kukaza kamba za magogo na kuondoa yaliyooza, na kila anayepita humwachia vikombe viwili vya mzigo wake. Nikamuuliza kijana, "Unafanya nini?" Akajibu papo hapo, "Simpi kitu, Mwalimu. Ninamsukuma, ninapita." Wenzake wakacheka. Akarusha dadu mbili, zikaleta tano na sita. Akapita. Muzee akaanguka, akaumia mkono, na chukudu ikateremka mlima mpaka ikapotea konani.

Nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari langu nikaandika: "Muzee wa daraja. Nani atamuulizia?"

Ninawaandikia ninyi mnaoongoza michezo ya namna hii, na ninyi mnaotaka kuianzisha na vijana wa Masisi na wa Walikale, huku Kivu Kaskazini, au popote walipotawanyika. Nimekuwa nikiiongoza kwa muda, nimekosea mara nyingi, na jambo nililojifunza kwa shida ni moja. Uamuzi wa mchezaji hupata uzito pale kila anayeguswa na uamuzi huo anapokuwa na mtu wake. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali, hali ya hewa, na watu waliopo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Penye mashaka, dadu zinaamua. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, na ndio mchezo wa kwanza wa aina hii uliouzwa madukani. Vitabu vyake ni vinene na bei yake ni kubwa, lakini huvihitaji. Sisi tuna dadu mbili zilizotoka kwenye boksi la ludo, daftari, na kopo la maharage ya kuhesabia.

Tena msikubali kuambiwa kwamba ni jambo geni kwetu. Mwaka 1956, huko kwa Wanyanga wa Walikale, mtambaji aitwaye Shé-Karisi Rureke aliimba na kusimulia kisa cha shujaa Mwindo kwa siku kumi na mbili, na mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck akakiandika. Kabla ya hapo Rureke hakuwa amewahi kukisimulia chote mfululizo; ilikuwa ni kipande leo, kipande siku nyingine, kadiri watu walivyotaka. Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye mwenyewe ni Mnyanga, walikitoa kitabuni mwaka 1969. Penye utambaji wa namna hiyo hakuna anayekaa kimya kama yuko kanisani. Wengine wanapiga mti kwa vijiti, wengine wanaitikia, wengine wanamtunza mtambaji. Anayeongoza mchezo wa hadithi leo amekaa karibu kabisa na kiti hicho.

Ndani ya kisa hicho mna somo la matokeo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha kanuni. Mwindo amekwisha kuwa mwami, yaani mtawala. Anatamani nyama ya nguruwe wa porini, anawatuma Wambuti wake kuwinda. Huko msituni wanakutana na Kirimu, joka kubwa, linawameza, mmoja anaponyoka na kuleta habari. Mwindo anakwenda, analiua, analipasua, watu wake wanatoka wakiwa wazima. Kuna kosa gani hapo? Ameokoa watu. Lakini Kirimu alikuwa na rafiki. Rafiki huyo ni Nkuba, bwana wa radi, yule yule aliyemsaidia Mwindo katika vita vyake vya zamani. Nyama ya joka inapochomwa, upepo unampelekea Nkuba harufu, naye anajua kwamba mwenzake amekufa. Anashuka, anamchukua Mwindo mpaka juu, na mwaka mzima Mwindo anateswa na baridi, mvua na jua, akikemewa kwa majivuno yake. Anaporudi ana miiko mipya juu ya wanyama wa porini, na anatawala kwa namna nyingine.

Tazama jinsi mambo yalivyofungamana. Matokeo hayakutoka hewani. Yalikuja kwa njia inayoeleweka, harufu na upepo, na yaliletwa na mtu mwenye sababu yake. Hayakufuta jambo jema alilofanya Mwindo, kwa maana wale Wambuti walibaki hai. Wala hayakufunga hadithi. Yaliifungulia mlango ambao Mwindo hakuujua. Msimulizi akishika mambo hayo matatu hatahitaji kanuni nyingi.

Basi tuanze na watu. Kabla ya kikao andika majina ya watu watano au sita ambao wachezaji wanaweza kukutana nao, na mbele ya kila jina jaza jibu la swali moja: nani atamuulizia asiporudi nyumbani jioni? Usiandike historia ndefu, mstari unatosha. Askari wa barieri ana mama anayeuza sombe. Mwizi wa mbuzi ana deni kwa motari, dereva wa pikipiki. Mchawi wa kijiji cha pili alimlea mtoto wa mwami. Ukishakuwa na mistari hiyo hutatafuta matokeo, yatakutafuta. Mchezaji akimpiga mwizi wa mbuzi, motari amekosa mtu wa kumlipa deni lake, na kesho motari huyo hataki kumpakia mchezaji mpaka walipane. Hakuna aliyetoa adhabu hapo. Ni maisha tu yanavyokwenda.

Fanyeni vivyo hivyo kwa wahusika wa wachezaji. Mchezaji mpya hupenda kuanza na mtu asiye na baba, asiye na mama, asiye na kwao, mwenye panga tu. Ninaelewa kwa nini. Asiye na mtu hawezi kuumizwa kupitia mtu. Kwa vijana waliokimbia vita, chaguo hilo lina sababu zake na silicheki. Mimi humwomba mchezaji mtu mmoja tu, anayeweza kuwa yeyote: shangazi, mwalimu, jirani anayemkopesha chumvi. Mwindo mwenyewe aliyekataliwa na baba yake tangu kuzaliwa alikuwa na shangazi, Iyangura. Bila shangazi huyo kisa chote kingekuwa cha mtu mmoja anayepigana.

Jambo la pili ni taarifa, na hapa ndipo wasimulizi wengi tunapoharibu. Unamwambia mchezaji, "Njia inagawanyika, kushoto na kulia. Unakwenda wapi?" Anasema kushoto. Unamwambia ameingia kwenye mtego. Huyo hakuchagua kitu, ni kama ulirusha sarafu ukamlaumu yeye. Uamuzi unaanza pale mtu anapojua jambo fulani na hajui jingine. Mwambie hivi: njia ya kushoto ni fupi, lakini mama aliyetokea huko sasa hivi ana kikapu kitupu na hakusalimia. Njia ya kulia inazunguka mlima, utafika sokoni wakati watu wanafunga vibanda, ila kuna nyayo mbichi za ng'ombe, maana yake wachungaji wamepita salama. Sasa ana jambo la kupima. Akienda kushoto akakuta barieri, atasema mwenyewe, "Yule mama!" na hatakulaumu wewe.

Watoto wa Masisi wanajua kusoma njia kuliko sisi tunaowafundisha. Wanajua kwamba soko lisilo na kelele saa nne asubuhi si la kuingia. Wape alama za namna hiyo na utashangaa jinsi wanavyofikiri kabla ya kujibu.

Tatu, sema gharama kabla dadu hazijarushwa. Mchezaji akisema, "Ninaruka mto," usimwachie arushe halafu ndipo umwambie gunia limesombwa. Mwambie: "Ukishindwa, wewe utatoka, lakini gunia moja litakwenda na maji. Bado unaruka?" Mpe nafasi ya kurudi nyuma. Katika kisa cha Mwindo kuna mahali anapocheza mchezo wa bahati na Sheburungu, huko chini ya ardhi, akapoteza kila alichoweka dau mpaka ukabaki mgwisho wake, ule uliokuwa nguvu yake yote, akauweka nao. Msikilizaji anashika pumzi kwa sababu anajua kilichowekwa. Dau lililofichwa halimshtui mtu, linamkasirisha.

Kuhusu dadu zenyewe sitakaa sana. Tunarusha mbili na kujumlisha. Kumi na kuendelea, umepata ulichotaka. Saba mpaka tisa, umepata lakini kuna cha kulipa. Sita na kushuka, msimulizi anasema kinachotokea. Mpango huu ulienezwa na Vincent Baker na Meguey Baker katika mchezo wao wa mwaka 2010, Apocalypse World, na uzuri wake uko pale katikati. Katika namna 36 ambazo dadu mbili zinaweza kuangukia, 15 zinaangukia kwenye saba mpaka tisa, na sita tu ndizo zinazofika kumi au zaidi. Kwa hiyo "ndiyo, lakini" inakuja mara nyingi kuliko "ndiyo" kavu. Mhusika mwenye ujuzi wa jambo tunamwongezea moja au mbili. Usizidishe hapo, la sivyo hakuna tena cha kulipa.

Na hiyo "lakini" itoke kwenye ule ukurasa wa watu, isitoke kwenye hasira zako. Nitasema wazi kosa langu. Kijana mmoja alikataa kwenda nilikotayarisha. Nilikuwa nimechora pango na mambo mengi ndani yake, yeye akasema mhusika wake anarudi nyumbani kupanda viazi. Nikamletea maporomoko ya udongo juu ya shamba. Hayakuwa na alama yoyote kabla, hayakuletwa na mtu, yalitoka kwenye uchungu wangu tu. Akaweka dadu mezani polepole, akasema, "Sawa, Mwalimu," na hakurudi wiki iliyofuata. Nilipomfuata kwao aliniambia kwamba shamba la kweli la babu yake lilikwenda hivyo hivyo. Sikujua, na ningeuliza ningejua. Tangu hapo, ninapotaka kuleta balaa, ninajiuliza kwanza: limetoka kwa nani, na mchezaji angeweza kuliona likija? Nikikosa jibu, ninaliacha.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo kwetu ni zito kuliko mahali pengine. Wachezaji wako wamekwisha kukaa ndani ya matokeo ya maamuzi ya watu wengine. Wamelala Sake, wamelala kandokando ya Goma chini ya hema, wamehesabiwa, wamehamishwa. Kabla ya kikao cha kwanza kaeni, kila mmoja aseme jambo ambalo hataki liingie mezani, bila kulazimishwa kueleza kwa nini. Sisi tumeondoa kuchomewa nyumba usiku na kutekwa kwa watoto. Na tuna ishara moja: mtu akifunika dadu kwa kiganja, hadithi inasimama hapo hapo, tunakwenda kwenye jambo jingine, hakuna anayeuliza.

Vilevile msitumie majina ya makabila yetu wala ya makundi yenye silaha, hata kama vijana wenyewe wanayataka. Vita vilivyoanza Ntoto, huko Walikale, mwezi wa tatu mwaka 1993 vilifikia Masisi kwa haraka, na bado kuna nyumba ambamo jina hilo linatajwa kwa sauti ya chini. Kijana aliyezaliwa miaka mingi baadaye anabeba kisa cha nyumbani kwao, na mwenzake wa upande wa pili wa meza anabeba kingine. Tungeni milima yenu. Yetu ni mitatu, na msitu mmoja mkubwa upande wa magharibi ambao hakuna aliyeumaliza. Ugomvi wa malisho na mashamba upo, ushuru upo, mwami mzuri na mwami mbaya wapo. Kila mtu anaelewa tunazungumza juu ya nini, na hakuna anayelazimika kumtetea babu yake.

Sasa nirudi kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Kwangu una kichwa kimoja, "Madeni", na sehemu mbili. Upande wa kushoto ninaandika lililofanyika, upande wa kulia ninaandika nani anajua. Baada ya kila kikao ninachukua dakika tano kusogeza ule upande wa kulia. Habari husafiri na watu, kwa hiyo jiulize nani amepita wapi. Lililofanyika sokoni linajulikana jioni ile ile. Lililofanyika ndani ya msitu linaweza kuchukua siku sita, kwa sababu linatembea na mtu mwenye mzigo wa mawese mgongoni. Anayeijua Walikale, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 23,000 na barabara chache zinazopitika, haoni ajabu. Ucheleweshaji huo ni mali kwa msimulizi. Mchezaji amesahau, amefurahi, amenunua viatu vipya, ndipo mgeni anabisha hodi na kusema, "Nimetumwa na muzee fulani."

Na kukaa kimya nako kuandikwe. Kundi letu liliwahi kubishana kikao kizima kama lingewaonya wachimbaji juu ya shimo linalopasuka. Vijana wanapenda kuleta migodi mezani, kwa maana wana kaka zao waliochimba koltani Rubaya au kasiterite Bisie. Mmoja alisema tukionya tutafukuzwa, mwingine alisema tukinyamaza tutakula nini na nani. Hawakufikia uamuzi. Nikaandika: "Hawakusema. Anajua: mpishi wa mgodi." Sikuwaulia mtu. Shimo lilianguka usiku, halikuwa na watu. Lakini mpishi alikuwa amewasikia wakibishana nyuma ya jiko lake, na tangu siku hiyo aliwapakulia mwisho, bila neno. Msichana mmoja wa kundi alisema hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa. Alikwenda peke yake kuzungumza na mpishi, na mazungumzo hayo yalichukua jioni nzima bila kurusha dadu hata mara moja.

Acha pawe na njia ya kurekebisha. Mtu akikosa kwetu hafi papo hapo wala hafutwi. Anaitwa barza, kwenye kikao cha wazee, anasikilizwa, anaambiwa alete nini. Hata kisa cha Mwindo kina kikao kama hicho. Viti vitatu vya shaba vinashushwa, Mwindo anakaa, baba yake anakaa, Iyangura anakaa, na baba anasema mbele ya watu wote mabaya aliyomtendea mtoto wake. Mwindo angeweza kumuua, lakini alimsamehe. Mchezoni wape wachezaji barza, wakati mwingine wakiwa washtakiwa, wakati mwingine wakiwa wazee wanaokata shauri la wengine. Utaona kwamba wanapokuwa wazee wanakuwa wakali kuliko unavyodhani, na wiki inayofuata, wakiwa washtakiwa, wanakumbuka.

Ila kurekebisha kusiwe kwa bure. Lililoanguka libaki limeanguka mpaka mtu aliinue. Tuna ramani moja kwenye karatasi ya simenti, na ninapochora kwa wino sifuti. Kijiji kilichohama kina alama ya kuhama. Njia iliyofungwa ina mstari juu yake. Mchezaji mpya anapoingia anaikuta hivyo, na wenzake ndio wanaomweleza nani alifanya nini.

Yule muzee wa daraja nilimweka kwenye Madeni wiki nne. Mkono ulioumia haukazi kamba, kwa hiyo hakuna aliyeondoa gogo lililooza. Wiki ya kwanza niliwaambia daraja linalia mtu anapopita. Wiki ya pili mtoto alitumbukiza mguu. Niliwapa alama zote, nao wakapita mbio. Wiki ya tatu mvua kubwa ikaja, nikachukua kalamu moja juu ya kile kitenge nikaitia mfukoni. Chukudu ya kijana wetu ikabaki ng'ambo na viazi vya watu wanne, na mmoja wao alikuwa binti wa muzee.

Kijana aliitazama ile kalamu moja iliyobaki kwa muda mrefu. Wenzake walimshauri atafute kivuko mahali pengine, au alipe vijana wa kijiji. Wiki ya nne alikuja na jibu lake tayari. Alisema anachukua vikombe viwili vya maharage, halafu akasema hapana, gunia, anakwenda kwa muzee kumwomba amfundishe kufunga magogo. Nikamuuliza atasema nini akifika mlangoni. Akasimama, akavua kofia yake ya kweli, akasema, "Hodi, Muzee. Ni mimi niliyekusukuma."

Tulikuwa na dadu mezani, na sikuzigusa. Nilijibu kwa sauti ya muzee kadiri nilivyoweza. Nilimwambia aweke gunia pale kizingitini, nikamuuliza kama panga lake lina makali.

Akasema halina. Nikamwambia basi akae chini, jiwe la kunolea liko nyuma ya mlango.

Wenzake wawili walisogeza viti. Mmoja akaanza kuhesabu maharage kutoka kwenye kopo, akiyapanga moja moja kandokando ya mto, akiniuliza yanahitajika magogo mangapi.